Mlo, mkanda na saratani ya tezi dume

Gasenyi, mtaa ulioko miguuni pa milima ya Mumirwa, upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, umezoeleka zaidi masikioni mwa watu tangu mwaka 2019, Ikulu mpya iliyojengwa huko kwa msaada wa China ilipokabidhiwa rasmi. Palipo na Ikulu pana lindo, na palipo na lindo pana watu wenye njaa kila zamu inapobadilishwa. Makala haya yanahusu kile wanachokula watu hao, pamoja na wenzao wa kambini na wa vituo vya polisi kote mjini. Kwani kwa zaidi ya nusu karne sasa wataalamu wa afya wamekuwa wakijiuliza swali moja gumu: mlo wa mwanamume una uhusiano gani na saratani ya tezi dume?

Majibu ya haraka hayakosekani. Vibarazani na kwenye vilabu vya pombe utasikia kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu walao nyama. Kwamba mla maharagwe hawezi kuupata. Kwamba mafuta ya mawese huuzuia. Kwamba upo unga wa mizizi unaoumaliza kabisa bila kwenda kwa daktari. Katika maneno hayo mna chembe ndogo ya ukweli iliyofunikwa na uongo mwingi, na si kazi rahisi kuitoa chembe hiyo. Hata hivyo askari aliyezoea kupokea taarifa na kuipima kabla ya kuitumia hawezi kushindwa.

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume peke yake. Kwa kijana, ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo. Imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi upitavyo ndani ya ushanga. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za uzazi. Mwanamume apitapo umri wa miaka hamsini, aghalabu tezi hiyo hunenepa na kuubana mrija, naye huanza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Kunenepa huko peke yake si saratani. Saratani ni jambo jingine: chembe za tezi huanza kuzaana bila amri, mara nyingi katika sehemu ya nje ya tezi iliyo mbali na mrija, na kwa hiyo miaka mingi huweza kupita mwenyewe asihisi lolote. Saratani hiyo inapotoka ndani ya tezi hupendelea kuhamia mifupani, hasa kwenye uti wa mgongo na nyonga.

Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, ilikadiria kwamba mwaka 2022 wanaume karibu milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 397,000 walikufa kwa sababu yake. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanaume. Ukilinganisha vifo na idadi ya watu, maeneo yanayoumia zaidi ni visiwa vya Karibiani na bara letu hili. Huko Marekani, mwanamume mweusi hufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango cha karibu mara mbili ya mweupe. Kwa hiyo lile la ugonjwa wa Wazungu na likomee hapa.

SAHANI MBILI

Zamani watafiti walikuwa wakikichunguza chakula kimoja kimoja: nyanya peke yake, maziwa peke yake, mafuta peke yake. Siku hizi wengi wao hutazama mlo mzima, yaani vyakula vinavyokwenda pamoja katika maisha ya mtu, wiki hata wiki, mwaka hata mwaka. Jambo hilo ni la busara. Hakuna mtu alaye nyanya tupu. Aliaye nyama nyingi aghalabu hula mboga kidogo, hunywa zaidi, hukaa zaidi, na pengine huvuta sigara. Ukiilaumu nyama peke yake umemwacha mshitakiwa wa pili na wa tatu waondoke bila kuhojiwa.

Hapa Bujumbura tunaweza kuziona sahani mbili waziwazi. Sahani ya kwanza ina ugali wa muhogo, maharagwe, sombe au lengalenga, ndagala kidogo za ziwa Tanganyika, ndizi za kupika, viazi vitamu, na kabichi na karoti zinazoteremshwa kutoka Bugarama. Nyama hutokea siku ya sherehe. Burundi ni miongoni mwa nchi zinazokula maharagwe kwa wingi kabisa duniani. Sahani ya pili ni ya jioni baada ya mshahara: burusheti za mbuzi zilizobabuka juu ya makaa, chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, chumvi, mkate mweupe, na chupa kubwa za bia zilizopangwa mezani kama gwaride.

Kurutu hula sahani ya kwanza kwa sababu ndiyo anayopewa. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa na cheo, gari na kiti cha ofisini, anaweza kuichagua ya pili. Mkanda unasogea tundu moja, halafu la pili, halafu fundi wa viatu anaombwa kutoboa jingine.

Niseme hapa, kabla msomaji hajadhani kwamba ninausifu umaskini, kwamba sahani ya kwanza imekuwa mara nyingi sahani ya kukosa kuliko ya kuchagua. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Watoto hao walihitaji maziwa, mayai na samaki. Ushauri wa mlo kwa ofisa mwenye kitambi si ushauri wa mlo kwa mtoto wake.

WAJAPANI NA KAMPALA

Ushahidi wa kwanza wenye uzito ulitoka kwa watu waliohama. Mwaka 1968 William Haenszel wa Marekani na Minoru Kurihara wa Japani walichapisha uchunguzi wao juu ya vifo vya Wajapani waliohamia Marekani. Nchini kwao Wajapani walikuwa hawafi sana kwa saratani ya tezi dume. Chakula chao kilikuwa wali, samaki, mboga na soya. Uchunguzi huo, na mingine iliyofuata huko Hawaii na California, ulionyesha kwamba waliohamia ng'ambo, na zaidi watoto wao, walianza kuukaribia mwenendo wa wenyeji wao wapya. Damu ilikuwa ile ile iliyotoka Japani. Kilichobadilika ni mazingira, na ndani ya mazingira hayo chungu cha jikoni kilikuwa na nafasi kubwa.

Askari wa Burundi wanaielewa habari ya namna hiyo. Kuanzia Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024 walitumika Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na mtu akikaa mwaka mzima mbali na jiko la nyumbani hurudi na ladha nyingine ulimini. Tofauti ni kwamba Mjapani hakurudi.

Lakini ushahidi wa wahamiaji una kasoro moja. Huko Marekani madaktari walikuwa wakipima zaidi, na anayetafuta zaidi hupata zaidi. Jambo lilo hilo lilijitokeza ndani ya jeshi la Marekani lenyewe. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba wanajeshi waliokuwa kazini waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume zaidi ya raia wa umri wao. Maelezo yaliyoonekana kuwa na nguvu yalikuwa mepesi: mwanajeshi ana matibabu ya bure na hupimwa mara kwa mara, raia hapimwi.

Karibu nasi zaidi iko Kampala. Tangu mwaka 1954 jiji hilo limekuwa na daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani, na ni miongoni mwa madaftari ya zamani kabisa barani Afrika. Waliolichambua walikuta kwamba kati ya mwaka 1991 na 2010 saratani ya tezi dume iliongezeka kwa kiasi cha asilimia 5 kila mwaka. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Katika miaka hiyo watu wa Kampala hawakuwa wameacha matoke, maharagwe wala njugu. Sehemu ya ongezeko ilitokana na watu kuishi zaidi na hospitali kupima zaidi. Sehemu nyingine huenda ilitokana na maisha ya mjini. Vyovyote iwavyo, kula maharagwe hakukuwa ngao. Mkulima mwembamba ambaye hajawahi kuonja soseji hupata ugonjwa huu, na mwanawe asimtazame baba mgonjwa na kusema kwamba haiwezekani.

Katika mji huo huo ndimo walimofanya kazi madaktari wawili Waingereza ambao majina yao hutajwa kila penye mjadala wa chakula cha Waafrika: Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kukaa karibu miaka 30, na Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago. Burkitt ndiye aliyesafiri kwa gari mwaka 1961 umbali wa kilomita zipatazo 16,000, hospitali hata hospitali, akifuatilia uvimbe wa taya kwa watoto. Baadaye wawili hao walieneza fikra kwamba makapi ya nafaka, maharagwe na mboga humlinda mtu na maradhi mengi ya nchi tajiri, na kitabu walichohariri juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1975. Wanaowanukuu leo kwa ajili ya tezi dume huwazidishia. Hoja yao yenye nguvu ilihusu utumbo, moyo na kisukari. Hayo nayo huua askari, tena wengi, kwa hiyo hakuna hasara kuwasikiliza. Ila kila hoja ikae mahali pake.

TUMBO LA MBELE

Mwaka 1986 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walianza kuwafuatilia wanaume 51,529 wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi za afya: madaktari wa meno, wafamasia, madaktari wa mifugo na wengineo. Kila baada ya miaka kadhaa waliwauliza wanakula nini. Mwaka 2006 matokeo juu ya mlo mzima yalipotolewa, wengi walishangaa. Waliokula mlo wa nyama, mkate mweupe na vyakula vya kukaangwa hawakuonekana kuipata saratani ya tezi dume zaidi ya waliokula mboga, matunda, samaki na nafaka zisizokobolewa.

Je, mjadala ulikwisha hapo? La. Saratani hii haina sura moja. Ipo ile inayotambaa polepole hata mzee akafa kwa jambo jingine akiwa nayo ndani, na ipo ile inayokimbilia mifupani. Wote wawili wakiandikwa katika daftari moja, tofauti hufichika. Mwaka 2021 kundi lilo hilo la wanaume lilipochambuliwa upya, safari hii kwa kuutazama mlo unaopandisha insulini mwilini, mlo huo ulionekana kuambatana na saratani iliyokwisha kuenea na ile iliyoua. Insulini ni homoni inayoshughulikia sukari. Mtu mwenye kitambi asiyefanya mazoezi huwa nayo kwa wingi damuni, na chembe za saratani huitumia kama chakula cha kukulia.

Hapo mkanda unarudi. Mwaka 2014 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, baada ya kupima tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulitamka kwamba upo ushahidi wenye nguvu kuwa unene humwongezea mwanamume hatari ya kupata saratani ya tezi dume iliyokwisha kusonga mbele. Juu ya vyakula vyenyewe, kimoja kimoja, Mfuko huo haukuthubutu kusema kwa nguvu kama hiyo.

Mimi nayasoma matokeo haya hivi. Mlo hauonekani kuamua sana kama mbegu ya ugonjwa itaota. Unaonekana kusaidia kuamua kama mmea utakuwa wa kuua. Umri, ukoo na asili ya mtu vina nguvu kubwa katika lile la kwanza, na hivyo havibadilishwi na amri yoyote. Lile la pili tuna mkono ndani yake.

Unene una hila nyingine ambayo askari angependa kuijua. Kipimo cha damu kinachotumika kuutafuta ugonjwa huu huitwa PSA. Hupima protini inayotolewa na tezi dume. Mtu mnene ana damu nyingi zaidi mwilini, na protini hiyo huchujuka ndani yake kama chumvi katika sufuria kubwa. Namba inayotoka maabara huwa ndogo kuliko inavyostahili, daktari anaridhika, na adui anaendelea kuchimba handaki. Watafiti wa Marekani walieleza jambo hilo mwaka 2007.

Kwa waliokwisha kuugua, dalili ni za kutia moyo zaidi. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya madaktari wa Marekani 926 waliokuwa na saratani ambayo ilikuwa haijaenea. Wale walioshika zaidi mlo wa nyama nyekundu, nyama za viwandani, mafuta mengi na nafaka zilizokobolewa walikufa kwa ugonjwa huo kwa kiwango cha mara mbili na nusu ya walioushika kidogo. Walioshika zaidi mlo wa mboga, matunda, samaki na maharagwe walipungukiwa na hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile kwa zaidi ya theluthi moja. Na mwaka 2011 wanaume 2,705 waliokuwa na ugonjwa huu walichunguzwa kwa mazoezi yao: waliofanya mazoezi makali kwa saa tatu au zaidi kila wiki walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani hiyo iliyopungua kwa asilimia 61 kuliko wale waliofanya chini ya saa moja. Takwimu za namna hii hazithibitishi kwamba kukimbia ndiko kulikowaokoa, maana mgonjwa mahututi hakimbii. Lakini sijaona mahali palipoandikwa kwamba mbio za asubuhi zilimdhuru mwenye tezi dume.

MOTO, MAZIWA NA NYANYA

Sasa burusheti. Mwaka 2015 taasisi ya Lyon iliziweka nyama za viwandani, kama soseji na nyama za makopo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, na nyama nyekundu katika kundi la vile vinavyoelekea kuisababisha. Sababu kubwa ilikuwa saratani ya utumbo. Kuhusu tezi dume dalili zilikuwapo, nazo ni dhaifu zaidi. Nyama inayolambwa na ndimi za moto hutoa kemikali ambazo mojawapo imewapa panya saratani ya tezi dume katika maabara. Kwa binadamu matokeo yamekuwa yakipingana. Mchomaji hodari haachi nyama iungue hata hivyo. Anayependa burusheti na aipunguzie moto, aikate sehemu nyeusi, na aagize kijiti kimoja na kabichi badala ya vijiti vinne na chupa ya nne.

Juu ya maziwa, Waadventista wa Marekani wametoa uchunguzi mzuri, kwa kuwa miongoni mwao wapo wanywao maziwa na wapo wasioyagusa. Taarifa ya mwaka 2022 iliwahusu wanaume 28,737. Waliotumia takriban gramu 430 za maziwa kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 27 ya wale waliotumia gramu 20 tu. Katika nchi ambayo ng'ombe ni heshima na maziwa ni zawadi ya arusi, neno hili halitapendwa. Basi lieleweke vizuri: linamhusu mtu mzima anayekunywa vikombe viwili vikubwa kila siku ya Mungu, na ni wangapi kambini wenye uwezo huo?

Nyanya zilipata sifa kubwa mwaka 1995. Miongoni mwa wale wanaume wa Harvard, waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara kumi kwa wiki walionekana kupungukiwa na ugonjwa huu kwa asilimia 35, na nyanya iliyopikwa kwa mafuta ndiyo iliyoongoza, kwa sababu rangi yake nyekundu huingia mwilini kwa urahisi zaidi namna hiyo. Kila mama wa Buyenzi anayeunga maharagwe kwa nyanya angeweza kufurahi. Tafiti zilizofuata zilikuja na majibu tofauti, na ule Mfuko wa Dunia, ambao mwaka 2007 uliiona faida hiyo kuwa yenye uwezekano mkubwa, mwaka 2014 uliiteremsha hadi kwenye kundi la mambo yasiyoweza kuamuliwa. Nyanya ziendelee kuungwa. Ni chakula kizuri, na hazikuumbwa kuwa dawa.

VIDONGE

Hapa naomba nikawie kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Huko Finland, katika miaka ya 1980, wavutaji wa sigara 29,133 walipewa vidonge vya vitamini ili ionekane kama vingewakinga na saratani ya mapafu. Havikuwakinga, wale waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi. Lakini taarifa ya mwaka 1998 ilionyesha jambo lisilotazamiwa: waliomeza vitamini E walikuwa na saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 32. Habari hiyo ilienea upesi. Maduka yakajaa vichupa, na wanaume wenye fedha wakaanza kumeza.

Wamarekani waliamua kupima jambo hilo kwa jaribio maalumu. Kuanzia mwaka 2001 waliandikisha wanaume 35,533. Wengine walipewa vitamini E, wengine madini ya seleniamu, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kisicho na kitu. Hakuna aliyejua anameza nini. Mwaka 2008 jaribio lilisimamishwa kwa sababu faida haikuonekana. Mwaka 2011, baada ya kuendelea kuwafuatilia, ilitolewa habari mbaya zaidi: waliomeza vitamini E peke yake walikuwa wamepata saratani ya tezi dume zaidi ya wenzao kwa asilimia 17. Kilichouzwa kama kinga kilikuwa kimegeuka.

Hata mboga zenyewe zimewahi kupandishwa kizimbani. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya wanaume 478 wa Marekani waliokuwa na saratani changa iliyokuwa ikiangaliwa tu bila kutibiwa. Nusu yao walishauriwa kwa simu, wakafuatwa na kuhimizwa, hata wakaongeza mboga katika mlo wao. Baada ya miaka miwili saratani yao ilikuwa imesonga mbele sawasawa na ya wale ambao hawakushauriwa hivyo. Miaka miwili ni muda mfupi kwa ugonjwa uendao pole. Lakini ikiwa mboga zilizoliwa chini ya macho ya madaktari hazikuusimamisha ugonjwa katika muda huo, yule auzaye unga wa mizizi kituo cha basi, asemaye utakauka kwa wiki tatu, anazungumza kwa kipimo gani?

MAUMIVU YA MGONGO

Askari huumwa mgongo. Amebeba mzigo, amelala chini, amesafirishwa nyuma ya lori katika barabara za mashimo. Akiwa na umri wa miaka 28, mgongo wake unapouma hana haja ya kutafuta mbali. Akiwa na 58, na maumivu yakawa ya usiku, yasiyotulia hata akilala, huku miguu ikianza kulegea, hiyo ni habari ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo huweza kumpooza mtu. Mkojo wenye damu, mkojo unaokatika katika na kupungua mwili bila sababu navyo haviwekwi kiporo.

Wengi huchelewa. Mmoja huogopa kwamba ataondolewa kazini. Mwingine huona haya kwa sababu amesikia kwamba daktari hupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Ni kweli hupima hivyo, na kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Yapo maneno ya utani juu ya kipimo hicho katika kila kambi duniani. Mtu ambaye ameshika lindo usiku wa mvua akisubiri adui asiyemwona ana ujasiri wa kutosha kwa kipimo hiki pia.

Kupima nako kuna pande mbili, na si haki kuuficha upande wa pili. Huko Ulaya jaribio kubwa lililoanza kutoa matokeo mwaka 2009 lilionyesha kwamba kupimwa PSA kulipunguza vifo vya ugonjwa huu kwa kiasi cha moja ya tano. Kulipunguza vifo, na wakati huo huo kuliwatia hofuni wanaume wengi waliokuwa na saratani ile ya kutambaa. Baadhi yao walipasuliwa bila haja, wakabaki hawawezi kuzuia mkojo au wamepungukiwa nguvu za kiume. Kwa sababu hiyo madaktari hawaamrishi kila mwanamume apimwe. Husema azungumze na daktari anapofika miaka 50, na mapema zaidi, kwenye 45, akiwa mtu mweusi au wa ukoo wenye ugonjwa huo. Msomaji wetu wa Bujumbura yumo katika hao wa 45.

Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge haiko mbali na Gasenyi, na hospitali ya chuo kikuu iko Kamenge hiyo hiyo. Tiba zipo za namna nyingi: kupasua, mionzi, na dawa au upasuaji mdogo wa kuiondolea saratani homoni ya kiume inayoilisha. Hiyo ya mwisho iligunduliwa na Charles Huggins wa Chicago mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Huweza kuushusha ugonjwa uliokwisha kuenea kwa miezi au miaka, bila kuufuta. Mionzi huhitaji mashine za gharama kubwa, na Afrika Mashariki imezipata kwa shida: ile ya Mulago iliharibika kabisa mwaka 2016, na Waganda wakakaa zaidi ya mwaka mzima wakisubiri nyingine, Rwanda ilianza kutibu kwa mionzi mwaka 2019, tena katika hospitali yake ya kijeshi ya Kanombe. Dar es Salaam wagonjwa hupelekwa Ocean Road.

Aendaye kumwona daktari na aende na habari tatu mkononi. Ya kwanza ni dawa na vidonge vyote anavyomeza, pamoja na vile vya mitishamba ambavyo angependa kuvificha. Ya pili ni uzito wake wa sasa na ule aliokuwa nao siku ya kuapishwa, ambao aghalabu umeandikwa katika faili lake. Ya tatu ni ukoo: baba, kaka, baba mdogo na baba mkubwa, nani alisumbuliwa na mkojo, nani alikufa akilalamika mgongo. Ambaye baba yake au kaka yake aliugua ana hatari ya karibu mara mbili ya mtu mwingine. Wazee wengi walizikwa bila ugonjwa wao kutajwa, kwa hiyo habari hiyo huenda ikapatikana kwa mama au kwa shangazi, likizo ijayo, huko kilimani, wakati maharagwe yako bado motoni.